Amplifaya kubwa, fleti ndogo: ununue nini kwanza

Mwenye amplifaya ya valvu, ile inayokuza sauti kwa mirija ya kioo, kwenye fleti anaijua shida hii. Volyumu ikiwa kwenye moja, gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Ukiisogeza kidogo kuelekea mbili, vyombo vinatetemeka kabatini na mtu anagonga mlango. Hapo katikati hakuna kitu. Ndipo unapoanza kutafuta kifaa cha kuituliza, na vipo vya kila bei, kuanzia kisanduku anachoweza kukutengenezea fundi wa redio hadi OX ya Universal Audio iliyoingia sokoni kwa dola 1,299. Nimevipanga nikimfikiria mpangaji wa jengo la kuta nyembamba, anayepiga jioni akitoka kazini, na ambaye amplifaya yake tayari anayo.

Kwanza hesabu, maana ndiyo iliyoamua mpangilio wangu. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hutoa kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 98 hadi 100 kwa wati moja tu, ukisimama mita moja mbele yake. Wati 40 zinaongeza desibeli 16 juu ya hapo. Ukishusha kutoka wati 40 hadi 20 umepunguza desibeli 3, na jirani hata hatajua. Ili sikio lione sauti imepungua nusu, wati zinatakiwa zishuke karibu mara kumi. Kwa hiyo swichi ya kupunguza nguvu kwa nusu, kama ile ya Marshall DSL40CR ya kutoka wati 40 hadi 20, haimalizi ugomvi. Nayo amplifaya ya valvu ya wati 5 inayosifiwa kuwa ya chumbani bado ni kelele. Nchini Kenya, kanuni za kelele za 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 35 ndani ya nyumba za makazi usiku, na usiku wao unaanza saa mbili.

Ya kwanza: kisanduku cha volyumu

Geuza amplifaya uangalie nyuma. Ukiona matundu mawili yameandikwa Send na Return, au Preamp Out na Power Amp In kama kwenye Fender Hot Rod Deluxe, una bahati. Kisanduku hiki kinakaa kati ya matundu hayo, yaani baada ya sehemu inayotengeneza toni na kabla ya sehemu inayosukuma spika. Hakitumii umeme wala betri. Ukishakifunga, volyumu ya amplifaya unaipandisha hadi nne au tano, toni inafunguka, kisha unashusha sauti kwenye kisanduku. Ile nobu iliyokuwa inaruka kutoka kimya hadi radi sasa inapanda taratibu.

JHS wanakiuza kwa jina la Little Black Amp Box. Lakini ukikifungua ndani hakuna siri: ni potenshometa moja (kifaa kilicho chini ya nobu ya volyumu) na matundu mawili ya jeki kubwa. Fundi yeyote wa Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, anakiunga mchana mmoja. Mwambie potenshometa ya kilo-omu 100 aina ya logi, ile yenye herufi A, ndani ya kiboksi cha chuma ili kisivute mlio wa umeme. Waya wa Send uende mguu wa pembeni, wa Return utoke mguu wa kati, na mguu uliobaki uungwe na gandi. Kama una pedali za mwangwi (delei au rivabu) kwenye matundu hayo, kisanduku kikae mwisho wa msururu, karibu na Return.

Kasoro yake ni kwamba mkwaruzo unaotoka kwenye valvu kubwa za nyuma, zile zinazosukuma spika, hutaupata, kwa sababu hazifanyi kazi ngumu. Mkwaruzo wa sehemu ya mbele, ile inayotengeneza toni, na wa pedali utaupata wote. Na kama amplifaya yako haina matundu hayo, kama Fender Blues Junior au Vox AC15C1, ruka hadi inayofuata. Kukiweka kati ya gitaa na amplifaya hakusaidii. Hiyo ni kazi ambayo nobu ya gitaa lenyewe inaifanya bure.

Ya pili: kijiampu cha hedifoni

Baada ya saa mbili usiku hakuna mjadala. Vox amPlug au Fender Mustang Micro inachomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, hedifoni unazichomeka humo, basi. Mustang Micro inachajiwa kwa USB, kwa hiyo hata umeme ukikatika unaendelea. Ilipotoka iliuzwa karibu dola 100 Marekani. AmPlug ni ya bei rahisi zaidi na hutumia betri ndogo za AAA. Tumia hedifoni za waya. Za Bluetooth zinachelewesha sauti, unapiga nyuzi sasa na kusikia baadaye kidogo, na mkono wa kulia unapotea kabisa. Bluetooth ya Mustang Micro ni ya kuleta wimbo kutoka kwenye simu ili uupigie.

Ya tatu: amplifaya nyingine

Wapiga gitaa wengi wa kwetu wana amplifaya kubwa kwa sababu ya kanisa au bendi. Basi iache hukohuko kanisani, na nyumbani uweke ndogo ya kidijitali. Boss Katana 50 ina swichi ya wati 0.5, 25 na 50, na tundu la hedifoni. Yamaha THR imeundwa tangu mwanzo kwa ajili ya sebule, na kwa sauti ya chini ndiyo ninayoipendelea, maana besi yake haipotei. Sikio la binadamu likisikiliza kwa sauti ndogo hupunguza besi na milio ya juu; Fletcher na Munson walilipima jambo hilo mwaka 1933. Ndiyo maana toni uliyoipanga kanisani Jumapili inasikika nyembamba chumbani Jumatatu. Ongeza besi kidogo kabla hujalaumu kifaa.

Ya nne: atenyueta

Najua wengi wangeiweka ya kwanza. Inakaa kati ya amplifaya na spika, inameza nguvu na kuigeuza joto, na valvu zinafanya kazi kwa bidii kama ulivyotaka. Sasa rudi kwenye hesabu. Wati 40 kwenye spika ya desibeli 98 ni desibeli 114. Two Notes Captor inashusha desibeli 20. Zimebaki 94, na jirani bado anagonga. Pesa yako inarudi pale unapoitumia kama mzigo tu, yaani inameza nguvu yote badala ya spika, spika ikiwa imenyamaza, huku unasikiliza kwenye hedifoni au unarekodi: atenyueta za OX na Captor X zina tundu la hedifoni. Kwa mwenye Blues Junior anayerekodi nyumbani, naikubali. Kwa mazoezi tu, ni ghali.

Ukiinunua, soma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, zilingane. Captor ya kawaida huuzwa ya omu 4, 8 au 16, kila moja kivyake, na muuzaji anaweza kukutumia yoyote aliyonayo. Wati inazobeba zizidi za amplifaya yako. Waya wa kuunganisha uwe wa spika, kwani ule wa gitaa ni mwembamba na unaweza kuungua. Na amplifaya ya valvu usiipige kamwe ikiwa haina spika wala mzigo nyuma yake: transfoma ya kutolea sauti ndiyo inayokufa, na kuipata hapa ni safari.

Usinunue

Trei za mayai na sponji za ukutani. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba chako. Sauti inapita na kwenda kwa jirani vilevile. Besi hasa inashuka kwenye sakafu ya zege, kwa hiyo inua amplifaya juu ya kiti chenye mto, iondoe kwenye kona, na uielekeze usoni kwako. Wengi wanaongeza volyumu kwa sababu spika inapigia magoti yao.

Ukiagiza mtumba kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma kabla hujalipa. Kikisema 120V pekee, weka bei ya transfoma ya kushusha umeme kwenye hesabu yako. Nzito, na baadhi yake zinavuma zenyewe.