Mr & Mrs Bund, Shanghai: jioni moja inayostahili gharama yake

Sisi wafanyabiashara wa Nairobi tukienda China hatujijali kwa chakula. Mchana kutwa tuko sokoni, jioni tunaingia hoteli za Waislamu wa Lanzhou, zile za tambi za kuvutwa kwa mkono, kwa sababu ni halali na bei ni nafuu, kisha tunalala. Safari yangu ya mwisho nilikuwa Keqiao kutafuta vitambaa vya duka letu la Biashara Street. Nilipomaliza nikapanda treni ya kasi, mwendo wa saa moja na nusu hivi, nikaenda Shanghai kumwona mpwa wangu anayesoma huko. Kumbe alikuwa ameshaweka nafasi mahali. "Shangazi, leo hatuli tambi," akasema, akanipeleka Mr & Mrs Bund.

Mkahawa uko ghorofa ya sita katika jengo nambari 18 la The Bund, ile barabara ya kando ya mto Huangpu ambayo wenyeji huiita Waitan. Jengo hilo la mwaka 1923 lilikuwa la Chartered Bank, ambayo mwaka 1969 iliungana na Standard Bank ikawa Standard Chartered hii tunayoijua hapa mjini. Ng'ambo ya mto ni Pudong, na unaona mnara wa Oriental Pearl na Shanghai Tower yenye urefu wa mita 632. Ombeni meza ya dirishani na mfike mapema, maana taa za majengo hayo huzimwa saa nne usiku hivi, na mkiwa mmechelewa mtakula mkitazama giza.

Mwenye jiko ni Paul Pairet, Mfaransa wa Perpignan aliyefika Shanghai mwaka 2005 na kufungua mkahawa huu mwaka 2009. Ndiye pia aliyekuwa na Ultraviolet, uliokuwa na meza moja tu ya watu 10, ukapata nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la kitabu hicho cha kupima mikahawa, ukafungwa mwaka 2025. Kwa sifa hizo nilijitayarisha kuletewa sahani kubwa yenye jani moja na tone la mchuzi. Sivyo kabisa. Hapa chakula huwekwa katikati ya meza na kila mtu akajipakulia. Sisi tuliolelewa kwenye sinia moja hatuhitaji kufundishwa hilo, na ndilo lililoniweka raha tangu mwanzo. Nimewahi kula katika mikahawa ya kifahari ya Westlands na Gigiri nikiwa nimejikunyata kama mtahiniwa. Hapa nilikunja mikono ya buibui nikala.

Kwa Waislamu wenzangu: mkahawa si wa halali. Nyama tuliziacha zote, tukabaki na vya baharini. Michuzi ya Kifaransa pia hupenda mvinyo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuagiza. Mpwa wangu aliuliza kwa Kichina. Binti aliyetuhudumia akaenda jikoni, akarudi na menyu, akatuonyesha kimoja kimoja kinachofaa, wala hakuonyesha kuchoshwa na maswali yetu.

Kamba wakubwa huletwa ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa kifuniko. Kifuniko kinafunguliwa mezani, na mvuke unaotoka unanukia machenza, mchaichai na vanila. Wamepikwa kwa mvuke huohuo, nyama yao ingali inakatika vizuri kwa meno, haijawa mpira. Tukaagiza na samaki mweupe anayepikwa kwa soya ndani ya mfuko maalumu, ambao nao hufunguliwa mbele yako. Mnofu unaachana wenyewe ukiugusa. Tuliomba wali mweupe, ule mchuzi tukaumaliza wote.

Sasa limau. Kwenye menyu linaitwa Lemon & Lemon Tart, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kumtoa mtu hotelini kwake. Unaletewa limau zima, na ganda lake, limekaa na biskuti ya siagi. Ganda limepikwa ndani ya sukari kwa siku kadhaa mpaka uchungu wote umetoka na limekuwa laini, unalikata kwa kijiko tu, lakini linang'aa na umbo lake liko palepale. Ndani wamelikomba, wakalijaza upya: barafu ya limau, krimu nzito ya limau, na krimu nyepesi yenye vanila. Yeyote aliyewahi kutengeneza achari nyumbani anajua ilivyo kazi kulitoa ganda uchungu bila kulipasua, na anajua mahali ambapo wengi huharakisha. Hawa hawakuharakisha. Ukali unakuja kwanza, halafu ubaridi, halafu siagi ya biskuti, na bado hujachoka na sukari. Nimekula vitamu vingi katika arusi za Pwani na za Nairobi, na sijaonja kitu cha limau kilichokifikia hiki.

Bei ni kubwa, tusidanganyane. Bili yetu ya watu wawili, bila pombe, ilikaribia kodi ya mwezi ya nyumba ya vyumba viwili pale South B. Bakshishi si desturi ya China, kwa hiyo hapo mtapumua kidogo. Mimi nililipa kwa Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, niliyoiunganisha na kadi yangu ya benki kabla ya kuondoka Nairobi. Nanyi fanyeni hivyo mkiwa bado nyumbani, na mjue kwamba Google na WhatsApp hazifunguki kwa intaneti ya kule. Nafasi pia wekeni siku chache kabla, hasa mkitaka dirisha.

Kama mfuko hauruhusu karamu nzima, agizeni ile chupa moja ya kamba na wali, mgawane. Limau msigawane, kila mtu achukue lake.