Mafia au Pemba ukitaka kutulia kweli?

Kama unataka kisiwa cha kupumzika, sio makelele ya ufukwe wa Nungwi kule Unguja, basi chagua kati ya Mafia na Pemba, na mimi nasema mapema, moyo wangu uko Mafia.

Mafia unapanda boti Nyamisati au kandege kadogo toka Dar, unashukia Kilindoni. Oktoba mpaka Februari papa potwe wanasogea karibu na pwani, ndo samaki mkubwa kuliko wote duniani, mgongo madoadoa meupe, anapita taratibu mdomo wazi anachuja chakula chake wala hana habari na wewe, yani unabaki umeduwaa tu majini. Hifadhi ya bahari ipo toka 1995, kwa hiyo andaa na hela ya kiingilio. Kisiwa kidogo cha Chole hapo jirani pia usikiache, magofu yamefunikwa na mizizi ya miti.

Pemba ni kijani, vilima kila mahali, boti inafika bandari ya Mkoani. Msimu wa karafuu zinaanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, harufu inakufuata mpaka ndani ya daladala. Kuna msitu wa Ngezi, kuna kisiwa kidogo cha Misali kwa wazamiaji. Sehemu za kulala sio nyingi, na ukiingia mjini jisitiri. Ila kama maji sio mambo yako, nenda Pemba.