Darasa la Ngara kwa wanaokwenda kufanya kazi ng'ambo: lina thamani, ila kijitabu kimepitwa na wakati

Mimi ni muuguzi na mama wa watoto wawili, na jioni huwa nahudhuria darasa moja pale Ngara, Nairobi, la watu wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nje. Wenzangu wengi kazini wananiuliza kama ile ada ya shilingi elfu sita kwa mwezi ina maana. Ina maana, kwa sababu pale hawaishii kwenye viza. Wanakueleza nchi itakupokeaje ukishatua na sanduku lako.

Ukiingia kwa mawakala wengi hapa mjini, kitu cha kwanza ni mshahara. Kama watoto wataruhusiwa, kama vyeti vyako vitatambuliwa, kama siku moja utaweza kuomba uraia, hayo utayajua mbele kwa mbele. Mwalimu wa Ngara anaanzia hapo hapo. Anachora jedwali ubaoni, nchi juu, maswali pembeni, tunalijaza pamoja huku tukibishana.

Safu ya Uingereza ndiyo iliyoniumiza roho. Tangu tarehe 11 Machi 2024, wanaoomba viza ya kwenda kutunza wazee na wagonjwa hawaruhusiwi kwenda na mume wala watoto, na Julai 2025 mlango wa kuwaajiri kutoka ng'ambo ukafungwa. Muuguzi aliyesajiliwa bado anaweza kwenda na familia. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, soma mkataba unakutaja kwa kazi gani. Mtoto wangu wa pili ana miaka minne. Kwangu hilo linatangulia pauni.

Ujerumani tuliikalia muda mrefu, maana tangu Rais Ruto na Scholz, Chansela wa Ujerumani wa wakati huo, washuhudie makubaliano ya wafanyakazi kule Berlin Septemba 2024, kila mtu anaitaja. Sheria ya uraia iliyoanza Juni mwaka huo ilipunguza miaka ya kusubiri kutoka minane hadi mitano, tena hukatai uraia wako wa Kenya, na Katiba yetu ya 2010 nayo haikuzuii. Kuna kozi ya kuwasaidia wageni kuzoea nchi: kwa kawaida saa 600 za lugha na saa 100 za sheria, historia na maisha ya kule. Lakini muuguzi lazima vyeti vyake vitambuliwe, na hadi hapo unafanya kazi kama msaidizi, na mshahara ni wa msaidizi. Kanada ukiingia kama mkazi wa kudumu, madarasa ya lugha ni bure, na ukitimiza siku 1,095 ndani ya miaka mitano unaweza kuomba uraia. Nchi za Ghuba tulizipitia haraka: hata ukikaa miaka ishirini, kwa kawaida ukaaji wako umefungwa kwenye kazi yako.

Kisha kijana mmoja wa Eastleigh, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, akainua mkono. "Mwalimu, na Kenya tunaiweka wapi?"

Mwalimu akafuta safu ya Uholanzi, akaandika Kenya. Uraia wa kuandikishwa: uwe umeishi kihalali miaka saba mfululizo na unajua Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. Kuzaliwa hapa peke yake hakutoshi, mzazi mmoja lazima awe raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua njia ya kufanya kazi, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unataka kambi za Dadaab na Kakuma zigeuke kuwa miji. Uganda tangu sheria yao ya 2006 mkimbizi ana haki ya kufanya kazi, na kwenye makazi yao familia hupewa kipande cha ardhi.

"Kiswahili changu ndicho hiki mnachokisikia," yule kijana akasema. "Na miaka yangu yote niko hapa."

Sisi tuliokuwa tunailaumu Uingereza tangu saa kumi na mbili hatukuwa na jibu la kumpa. Naamini safu ya Kenya ingefaa ibaki ubaoni kila muhula, maana tunachokidai kwa wengine kuna majirani zetu wanakidai kwetu.

Sasa kasoro. Kijitabu wanachogawa bado kinasema Ujerumani ni miaka minane. Mwalimu anasahihisha kwa mdomo, lakini aliyekosa siku hiyo anabaki na habari mbovu, na kwa mambo ya kuhama habari mbovu inagharimu. Wachapishe upya, waweke tarehe kwenye kila ukurasa. Malipo nayo huingia M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi. Dai risiti hapo hapo, usikubali "kesho". Ofisi iko ghorofa ya nne na lifti hakuna, jambo ambalo kwa mjamzito tuliye naye darasani si dogo.

Ukienda, fika mapema. Viti vya mbele hujaa haraka, na ukikaa karibu na dirisha makanga na honi za matatu zitamfunika Mwalimu.