Waini ya Dodoma au Pinotage ya Sauzi?

Kama ndo unaanza kujifunza waini nyekundu hapa Dar, ziweke hizi mbili mezani siku moja. Pinotage ni zabibu iliyotengenezwa na mtu kabisa, Profesa Abraham Perold alipandanisha zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut, kule Stellenbosch mwaka 1925, ikapatikana hii yenye harufu ya moshi kidogo na matunda meusi, nzito, na kwa kitimoto ya kuchoma yenye pilipili inaenda balaa.

Sasa Dodoma. Kule hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, kwahiyo wakulima wanapogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu nyekundu inayotamba ni Makutupora. Tatizo wengi wakisikia waini ya Dodoma wanawaza Dompo tu, ile tamu, wanakunja uso mapema, wakati kuna nyekundu kavu kabisa, yaani isiyo na utamu wa sukari, we angalia lebo iseme dry. Ukimeza, ulimi unakauka kama umetafuna ndizi mbichi, hiyo ndo tanini, inatoka kwenye ganda na mbegu za zabibu. Na ushuru wake uko chini kuliko wa chupa za nje, mfuko unapumua.

Zote mbili ziingize friji nusu saa kwanza, maana nyekundu inataka nyuzi 16 mpaka 18 hivi na joto letu hili ukiinywa ilivyo utasikia pombe tu puani. Kufundisha pua mi naanza na Pinotage, ila ya kunywa na mishikaki Jumamosi nachukua Dodoma kavu, wala sijiulizi.