Makumbusho ya Kisumu kwa mwanafunzi wa upigaji picha

Mwanafunzi anayelalamika kwamba mjini hakuna cha kupiga aanzie hapa. Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1980, na hazina yake kubwa ni Ber-gi-dala, boma la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa halisi, lenye nyumba za wake watatu na ya kifungua mimba wa kiume.

Fika asubuhi. Kisumu iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa utosini: chini ya paa la nyasi panakuwa giza na uwanja unaungua weupe. Ndani ya nyumba, mwanga mwingi huingia mlangoni. Anza na lenzi ya milimita 50, tundu la lenzi f/2, shata sekunde 1/60, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, na upime mwanga kwenye ukuta, si mlangoni, la sivyo ukuta utatoka mweusi tii. Simama mahali mwanga unapopita ubavuni mwa ukuta. Hapo kila ufa wa udongo unaonekana.

Kwenye matangi ya samaki ya makumbusho, zima flashi na ugusishe kioo kwa kikinga cha mpira kinachovishwa mbele ya lenzi, usije ukapiga sura yako.

Wengi huzunguka kote mbiombio na kuondoka mikono mitupu. Chagua kitu kimoja, piga picha 36 za hicho tu, chapisha tano, zibandike daftarini na uandike kando ya kila moja kilichokuvuta: umbo, rangi au kivuli. Kinachojirudia ndicho chako, kifuate.

Ukibeba tripodi, uliza langoni kabla ya kulipa.