Tahadhari: jamaa wa "gitaa la Mukabi" amerudi mjini

Wapenzi wa gitaa kavu (lisilo la umeme), hasa nyinyi msiokosa shoo za laivu wikendi, someni hii kabla hamjamtumia mtu deposit. Kuna jamaa anazunguka Nairobi akiuza gitaa analodai ni Martin D-28, la kampuni ya Martin ya Marekani, ya mwaka 1966. Bei yake 85,000, deposit 30,000. Wa kwanza ninayemjua aliyeumia ni kijana anayepiga kanisani kule Kayole. Wa pili ni mwalimu wa muziki. Wa tatu alinipigia juzi, gitaa liko mezani kwake Umoja, anataka nikamsaidie kulitiun kwa sababu "linakataa kukaa". Nilipolifungua nikaona hii lazima iandikwe.

Muuzaji huyu hakutafuti mtandaoni. Anakungoja shoo ikiisha. Na sisi tunajijua: ukitoka kumsikiliza mtu akipiga peke yake, vidole viwili tu, bila ngoma wala kinanda, unatembea kuelekea steji ya matatu ukiwa tayari kuuza friji ununue gitaa. Jamaa analifahamu hilo kuliko sisi wenyewe. Anasimama nje ya geti, mkanda begani, anapiga omutibo kidogo, ule mtindo wa gitaa wa Waluhya. Ukweli usemwe, anapiga vizuri. Gumba linatembea kwenye besi bila haraka, kidole cha shahada kinachukua wimbo. Na gitaa lenyewe la pale getini ni zuri. Anakupa ulishike, ulipige, hata ukitaka dakika kumi anakuachia. Sitaji ukumbi wowote kwa sababu wenye kumbi hawahusiki. Mahali pamoja mabawabu walishamfukuza.

Ukishalishika ndipo hadithi inaanza. Marehemu babake alikuwa fundi wa redio, na gitaa hilo alipewa na George Mukabi mwenyewe, yule gwiji wa omutibo. Akiona hushtuki kwa jina la Mukabi anahamia kwa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa maarufu wa Kongo: eti Bosco alikuja Nairobi mwaka 1993, akaishiwa nauli, akaliacha kwa mzee kama rehani. Anasimulia kwa utulivu, anataja mitaa, anataja rangi ya soksi.

Sasa hesabu. Mukabi alifariki 1963. Gitaa, kwa mdomo wa muuzaji mwenyewe, limetoka kiwandani 1966. Bosco ni kweli alikaa Nairobi, lakini hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati alipokuwa akiimba matangazo ya Aspro, dawa ya maumivu, na alifariki 1990. Hayo mambo ya 1993 yalifanywa na nani? Mwalimu alimuuliza hilo la Mukabi palepale getini. Alijibiwa, "Kwani mwalimu umekuja kununua ama kusahihisha mtihani?" Watu wakacheka, naye mwalimu akacheka, na kesho yake akatuma pesa. Simlaumu. Lile gitaa alilokuwa ameshika lilikuwa zuri.

Deposit inaombwa haraka maana siku zote kuna mzungu wa Karen anayekuja kulichukua kesho saa nne asubuhi. Hataki till ya biashara, hataki benki. Anataka utume kwa namba ya simu. Kabla pesa haijaondoka, M-Pesa inakuonyesha jina la mpokeaji, na jina hilo si lake. Kwa yule kijana wa Kayole lilikuwa la mwanamke, kwa mwalimu likawa la mwanamume mwingine kabisa. Ukimuuliza anasema hiyo ni laini ya bibi, au ya shemeji, yake ina Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na pesa ikiingia italiwa. Jibu hili limewapata wengi, kwa sababu nani hapa hana Fuliza?

Halafu mzigo. Hakuletei yeye. Unaletewa na boda, usiku, kesi ngumu nyeusi ya gitaa iliyozungushwa selotepu kuanzia juu hadi chini kama maiti ya Misri. Kijana wa boda hajui lolote, ameambiwa tu asubiri balansi yote kabla hajaliachilia, na ana haraka ya mteja mwingine. Unalipa, anaondoka, unatafuta kisu. Ndani kuna gitaa, ndiyo. Nembo ileile kichwani, rangi inakaribiana. Ila si lile la getini. Ukimpigia siku ya kwanza anapokea: "Mbao hubadilika ikisafiri, bosi. Lipe wiki moja litulie." Limesafiri kutoka Ngara hadi Umoja, Nairobi hiihii! Siku ya pili simu imezimwa.

Nililokuta mezani Umoja nililikagua kwa tochi ya simu na kioo kidogo cha kujipodoa, na nawaeleza nilichoona kwa sababu mtu yeyote anaweza kukiona. Ingiza mwanga kwenye tundu la sauti, elekeza kioo pale shingo inapoingia tumboni. Martin wamepiga chapa nambari kwenye kipande hicho cha mbao tangu 1898, na nambari zinakwenda kwa kufuatana mwaka hadi mwaka. Mwaka 1966 uliishia 217215. Hili la mezani lilikuwa na tarakimu sita zinazoanza na 7. Laki saba hazikufikiwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hapo tayari mchezo umeisha, lakini niliendelea, nilishakasirika. Mwisho wa shingo, ndani ya tundu, kulikuwa na kishimo cha kuingiza ufunguo wa pembe sita, ule wa kukaza chuma cha kunyoosha shingo. Martin walianza kuweka chuma cha kukazwa mwaka 1985. D-28 ya 1966 haina kishimo hicho, haijawahi kuwa nacho.

Ukingo wa tundu la sauti nao unasema. Uso wa D-28 ni mbao nzima ya sprusi, si matabaka yaliyogundishwa, kwa hivyo mistari ya mbao unayoiona juu inashuka hadi kwenye ukingo bila kukatika. Hapa niliona matabaka matatu, la katikati jeusi. Plaiwudi. Mgongo ndio ulionichekesha: jamaa anasema ni rozwudi ya Brazil, na hapo amesoma kitabu chake, maana Martin waliitumia kwenye D-28 hadi 1969. Lakini mgongo wa ubao mzima una alama zilezile nje na ndani. Ukiona doa jeusi nje, litafute ndani, litakuwa mahali palepale. Hili nje lina mawimbi ya kupendeza na ndani lina mbao nyeupe kama ya kreti ya nyanya. Nilipopitisha kitambaa kikatoka na kahawia, na harufu nikaitambua mara moja: kiwi ya viatu. Fireti, vile vyuma vyembamba vya shingoni, zinang'aa, hakuna hata moja iliyolika. Gitaa limepigwa miaka hamsini na zaidi na chuma hakijakwaruzika?

Sisemi Nairobi haina magitaa ya zamani. Yapo. Kuna Gallotone za Afrika Kusini ambazo bado zinaning'inia ukutani kwa wazee, kampuni ileile iliyotengeneza gitaa la kwanza la John Lennon wa Beatles. Ndani lile la Lennon lilikuwa na kibandiko kinachoahidi kwamba halitapasuka. La mjomba wangu ni Gallotone pia, limepasuka mahali pawili, na silitoi kwa pesa yoyote. Muuzaji wa kweli wa gitaa kongwe huanza na ubovu wake: shingo imenyanyuka, nyuzi ziko juu mno, daraja liligundishwa upya. Huyu wetu gitaa lake halina kasoro hata moja. Tena D-28 ya kweli ya miaka hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola. Mwenye nayo hasimami nayo kwenye geti saa tano usiku akitafuta 85,000.

Kama bado unataka kununua kwa mtu usiyemjua, mwambie mkutane mchana kwa fundi wa magitaa, gitaa lifunguliwe hapo, nawe ulipe hapo na utoke nalo mkononi. Picha ya nambari ya ndani uitake kabla ya deposit. Pesa ya boda ni ya usafiri tu.

Na kama umeshatuma, usianze na kumpigia kumsihi. Fowadi ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo uombe kurudishiwa, kwa sababu akishatoa pesa hakuna cha kurudisha. Namba yake iripoti kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukaandikishe, na usiondoke bila nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Beba gitaa, kesi, hata ile selotepu. Afisa mmoja alimwambia kijana wa Kayole kwamba haya ni mambo ya biashara, wakubaliane wenyewe. Si kweli. Kujipatia pesa kwa hila ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake ni hadi miaka mitatu. Kitaje kifungu hicho kwa upole. Kijana alirudi akakitaja na akaandikishiwa.

Hawa watatu sasa wana OB, na tunataka zipelekwe DCI, wapelelezi wa jinai, pamoja, maana kesi moja ya 85,000 hukaa kwenye droo. Kama nawe alikupata, niandikie inbox: nambari ya OB, tarehe uliyotuma pesa, na jina lililotokea kwenye M-Pesa. Majina hayo msiyaweke kwenye komenti tafadhali. Laini hizo zinaweza kuwa zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote, na yule mwanamke wa M-Pesa ya kijana wa Kayole huenda naye aliibiwa kitambulisho tu.