Mkaa, gesi au umeme: kipi kinakula hela kidogo jikoni Dodoma?

Nyumba nyingi hapa Dodoma hununua mkaa wa kopo au sado, wa leo leo. Kwa kuwa hela inatoka kidogo kidogo, mkaa unaonekana nafuu kuliko mtungi unaolipiwa kwa mkupuo. Cha kulinganisha ni joto linalofika kwenye sufuria. Jiko la mkaa la kawaida hupoteza karibu robo tatu ya joto lake. La gesi hupoteza kama nusu au pungufu. Presha kuka ya umeme hupoteza kidogo sana.

Nafasi ya kwanza naipa presha kuka ya umeme, kwa sababu ya vyakula vyetu. Maharage na makande hukaa jikoni saa nyingi, na hapo ndipo mkaa unapoishia. Kuka ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo hula uniti moja, lakini presha ikishajaa hujikata na kuwaka kwa vipindi. Kwa mteja wa TANESCO wa daraja la T1, yaani la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292; ukiweka kodi na tozo inakaribia 356. Maana yake sufuria ya maharage haifiki shilingi 400. Aliye D1, daraja la nyumba zenye matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, hadi uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni 350. Basi angalia matumizi yako ya luku kabla ya kununua kuka. Umeme ukikatika, kuka haina msaada, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Ya pili ni gesi, nayo ndiyo ya ugali, chai na mboga za haraka kama mlenda. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo tatu hadi nne za mkaa kwenye jiko la kawaida. Hesabu ni rahisi: pima mkaa wako kwenye mizani, maana gunia la lumbesa halina uzito maalumu, upate bei ya kilo. Tuseme ni shilingi 1,000. Kilo ya gesi ikiuzwa 4,000, yaani mtungi wa kilo 6 kwa 24,000, gharama zinakaribiana, na wewe umeokoa muda na mapafu. Mvua zikiharibu barabara za vijijini na mkaa ukapanda, gesi inashinda waziwazi. Mtungi wa kilo 15 kwa kawaida hutoka nafuu zaidi kwa kila kilo. Dai upimiwe: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, jumlisha kilo za gesi, mizani isome hivyo.

Mkaa mbadala, ule wa vumbi la mkaa au taka zilizoshindiliwa, ni wa tatu. Huchelewa kushika moto, ila ukishika unadumu, unafaa kwa supu.

Mkaa wa miti nauweka mwisho, na si kwa bei tu. Mkoa huu ni mkavu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973 kwa sababu ardhi ilikuwa inamomonyoka, na bado tunakata miti ile ile inayoishikilia. Kama huna njia nyingine, nunua jiko banifu, lile linalotumia mkaa kidogo, kabla ya gunia linalofuata.

Juni na Julai kuna pia maji ya kuoga. Kupasha kwa umeme lita 10 zilizopoa usiku hadi ziwe za uvuguvugu wa kutosha hula kama theluthi ya uniti, kati ya shilingi 100 na 120 kwa T1. Hita ya kuchovya ichomoe kwenye soketi kabla hujagusa maji. Na baridi ikizidi, ongeza blanketi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani mnakolala, hata likiwa limebaki kaa tupu bila moshi: hewa yake ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.